Injini ya Tano

Vijana wangu wa Bertrams na Jeppestown,

Mliniuliza juzi baada ya ibada kwa nini mzee mzima nafumba macho kila pikipiki inapopita barabarani. Mkacheka sana. Mmoja wenu akasema ninasinzia nikiwa nimesimama. Haya, leo nawajibu kwa maandishi, na asiyeweza kusoma Kiswahili asomewe na mama yake, maana nawajua ninyi: chakula mnaomba kwa Kiswahili, ugomvi mnaufanya kwa Kizulu.

Nimekuwa fundi wa pikipiki tangu Lubumbashi, enzi zile bado nina nywele. Nimetengeneza pikipiki za mapadri, za wauza samaki, na za askari ambao huwaulizi kitu. Lakini kazi iliyonibadilisha niliifanya hapa Johannesburg kuanzia mwaka 2015, katika karakana moja ya Jeppestown, chini ya Mjerumani tuliyemwita Mzee Dieter. Huyo alishindana kwa pikipiki kwenye udongo tangu ujana wake. Kwao Ujerumani alishindana kwenye viwanja vifupi, na pia kwenye vile virefu vya mchanga ambamo siku nyingine farasi hushindana. Nilipomjua mimi alikuwa ameshaacha kushindana, nyonga moja mbovu, anafundisha wengine. Na mwisho wa yote ilinibidi niamue kama nitamwashia yeye mwenyewe pikipiki isiyo na breki, akiwa na miaka zaidi ya sabini. Habari yenyewe ndiyo hiyo. Mengine ni njia ya kufika huko, na mimi mnanijua, nikisimulia huwa nazunguka.

Haina breki. Narudia kwa sababu kila nikisema hivyo mtu huniuliza, "Hata ya nyuma?" Haina ya mbele, haina ya nyuma. Ina injini moja kubwa na kamba fupi ambayo mpandaji anajifunga mkononi, ili akianguka ichomoke na injini izimike. Wanashindana wanne, kila mmoja na rangi yake ya kofia, mizunguko minne, na kona zote ni za kushoto. Akifika kwenye kona mpandaji anaitupa pikipiki kiubavu, gurudumu la nyuma linateleza, naye anaburuza mguu wa kushoto chini, mguu uliovaa kiatu cha chuma juu ya buti. Hata kiki ya kuwashia hakuna. Sisi mafundi tunasukuma, yeye anaachia klachi, inakohoa mara mbili, halafu inanguruma mpaka meno yako yanatetemeka.

Kazi ya kwanza aliyonipa Mzee Dieter haikuwa ya spana, ilikuwa ya ndoo. Uwanja wetu ulikuwa kusini mwa mji, ukishaipita Turffontein ukaendelea, mahali ambapo upepo wa Agosti unakuletea vumbi la njano la machimbo mpaka ndani ya masikio. Aliniambia nijaze ndoo mbili za maji na nisitoke karibu nazo. Nikanuna moyoni. Nimevuka mipaka mingapi, ndiyo nije kulinda ndoo? Basi mchana ule, jua la utosi, fundi wa timu nyingine akaanza kucheza. Alikuwa peke yake kando ya pikipiki yake, anajipiga mapaja, anazunguka, mdomo wazi. Nikacheka kwa sauti. Mzee Dieter akanipita mbio na nyonga yake mbovu, akanyakua ndoo yangu, akammwagia yule mtu maji yote. Nguo zikatoa mvuke. Ndipo nikaona mikono yake imebabuka na shati limekuwa jeusi. Alikuwa anaungua muda wote ule mbele ya macho yetu, na sisi hatukuona moto.

Pikipiki zile hazitumii petroli, zinatumia methanoli, na methanoli ikiwaka juani mwali wake hauonekani. Labda utaona hewa inatikisika kidogo, ukibahatika. "Ukiona mtu anacheza bila muziki," Mzee aliniambia, "usitafute moto. Mwagie kwanza." Liwekeni hilo kichwani, ninyi mnaotaka ufundi. Na lingine: jioni baada ya mbio usiiache methanoli ndani ya injini, inavuta maji na kula vyuma. Imwage, uiwashe kidogo kwa petroli, ndipo uende kwako. Mafuta ya kulainishia ni ya nyonyo, yananukia utamu fulani usiotoka nguoni. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa ananilaza upande wa dirisha.

Sasa nije kwenye kuhesabu.

Kabla ya kila mbio fundi huchuchumaa nyuma ya mpandaji wake, akitazama tairi na mnyororo mpaka kamba za kuanzia, zile zinazokinga njia mbele ya wapandaji, ziruke juu. Mzee Dieter hakuchuchumaa. Alisimama wima, akafumba macho, akahesabu injini kwa masikio. Alihesabu kwa Kiswahili. Alikijua cha karakanani tu, alichookota kwetu sisi Wakongomani: namba, lete, upesi, pamoja na matusi mawili ambayo hapa si mahali pake. "Nne," alikuwa anasema, halafu ananigusa bega, na mpandaji wetu anaruhusiwa kuondoka. Nilidhani ni mambo ya wazee tu. Kuna mchezaji anayebusu kiatu, kuna anayevaa soksi kushoto kwanza, basi na huyu ana kuhesabu kwake.

Mpandaji wetu alikuwa Sipho, kijana wa Soweto, mrefu, mwepesi, na mdomo haufungi. Jumamosi moja wote wanne wamepanga mstari, moshi unawasha puani, Mzee akasema, "Tano." Akamfikia Sipho akaivuta ile kamba ya mkononi. Injini ikafa. Kamba za kuanzia zikaruka, wenzake watatu wakaondoka, na Sipho akabaki ameketi juu ya pikipiki iliyokufa mbele ya watu wote.

"Eish, madala!" alipiga kelele. Madala kwao ni mzee; maneno yake mengine nayaweka kwa Kiswahili. "Tano ziko wapi? Hesabu vichwa! Tuko wanne!"

"Vichwa ni vinne," Mzee akajibu, na akaanza kuisukuma pikipiki kurudi.

Na msingoje mwujiza. Wale watatu walizunguka wakamaliza salama, hakuna aliyekwaruzika. Kuanzia hapo, Mzee akipita kati ya mafundi wa timu nyingine, kulikuwa na sauti nyuma ya magari: "Tano! Tano!" Mimi pia nilicheka, ila nilikuwa nageuza uso kwanza.

Nilimwuliza siku moja, tukigeuza tairi, maana tairi ya nyuma huliwa ukingo mmoja tu, ukiigeuza unapata mbio nyingine: anazitofautishaje injini zinazofanana? Alikwepa nusu ya swali. Alinifundisha kusikiliza mlio wa chini, ule wa kifuani, na si kelele ya juu. Kila injini, alisema, ina mahali inapokwama kidogo kabla ya kupumua. Shika pale inapokwama, uipe jina, halafu tafuta ya pili. Nikafanya mazoezi dirishani kwangu, robot ya kona, yaani taa za barabarani, ikishika nyekundu na pikipiki za kupeleka vyakula zikisimama pamoja. Baada ya miezi nilikuwa naweza, na tabia hiyo haijaniacha mpaka leo. Nilijivuna sana. Nadhani angenionea huruma kama ningemwambia.

Wakati wa baridi, mwaka 2017, tulikuwa mstarini na Sipho tena, mbio za mwisho, upande wa nje kabisa. Nikafumba macho na mimi, mzaha tu, nimwonyeshe Mzee kwamba nimekua. Nikaipata ya ndani, inayokwama haraka. Nikaipata ya pili, nikaipata ya tatu, halafu ya Sipho niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nikataka kufungua macho. Hapo nikasikia nyingine. Ilikuwa nzito kuliko zote, ya zamani, inakwama kwa muda mrefu kabla ya kupumua, na ilikuwa kulia kwa Sipho, pale ambapo hapana kitu isipokuwa uzio wa mbao.

Nilifungua macho nikaona uzio, na bango la matairi, na mwanamke mmoja ameketi kitini anakula mahindi.

"Tano," Mzee Dieter alisema, akanyoosha mkono. Lakini Sipho alishajifunza. Alivuta bega lake pembeni, kamba zikaruka, akaenda.

Alianguka mzunguko wa tatu. Alikuwa wa pili, kwenye mstari wa nje, anakwenda vizuri kuliko siku zote, halafu bila sababu akakata kuingia ndani, akagusa gurudumu la mwenzake, na uzio ukampokea. Mtulinga ulivunjika, na mbavu mbili. Nilipanda naye gari la wagonjwa. Alikuwa ananishika shati.

"Baba Kasongo, ulimwona yule wa nje?"

"Nje yako hapakuwa na mtu, mwanangu. Palikuwa na mbao."

"Alikuwepo. Nilisogea ndani nimwachie nafasi apite. Alivaa kofia ya kizamani, ile isiyofunika uso. Alikuwa ananitazama mimi, hatazami kona."

Nilimwambia alale, nikatazama nje ya dirisha mpaka tulipofika.

Siku iliyofuata karakanani umeme ulikuwa umekatwa mtaa mzima, hakuna grinda wala mashine ya kuchomelea iliyolia, na Jeppestown ikikaa kimya hivyo mtu hujisikia mgeni zaidi. Mzee alikuwa anaosha mchanga kwenye pikipiki ya Sipho kwa brashi ndogo. Nilimwambia nilichosikia mimi, na alichoona Sipho. Brashi ikasimama.

"Ilikuwa inakwama kwa muda mrefu?" aliniuliza.

"Muda mrefu. Halafu inapumua."

Akaketi juu ya kreti. Hapo ndipo aliponiambia habari za Rudi. Walikuwa timu moja, yeye na Rudi, wakilala kwenye gari moja, wakipika sufuria moja, wakiazimana mpaka glavu. Siku moja kwenye uwanja mrefu wa mchanga, kona ya mwisho, Dieter alikuwa mbele na Rudi akaja upande wa nje kwa kasi kubwa. "Niliiona tairi yake ya mbele," alisema. "Niliijua ni yake. Kwa mwenzako unaacha nafasi, ndiyo sheria yetu, haikuandikwa lakini kila mtu anaijua. Mimi nikasogea nje. Sikumgusa. Nilisogea tu mpaka akakosa pa kupita." Rudi aliingia kwenye uzio. Dieter akavuka mstari wa kwanza. Huko kwao mshindi huvishwa shada kubwa la majani shingoni, na walimvisha, akapiga picha anacheka, kabla mtu hajapata ujasiri wa kumwambia. Lile shada ndilo alilolipeleka kwenye mazishi, kwa sababu duka la maua lilikuwa limefungwa.

Mwaka ule ule alikuja Johannesburg kupanda msimu mmoja wakati kwao ni theluji. Hakurudi tena.

"Anawafuata wapandaji wako?" nilimwuliza.

"Ananifuata mimi. Wao anawakuta tu njiani." Akaishika tena ile brashi, akaigeuzageuza. "Sipho angekufa jana, Kasongo. Itabidi nipande mimi."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa nisichokijua vizuri. Nyonga hiyo, macho hayo, pikipiki hiyo! Alisikiliza kwa adabu zote, halafu akauliza kama nitamwashia, au atafute mwingine wa kumsukuma.

Nyumbani nilimweleza Mama Neema. Yeye amesuka nywele za watu miaka mingi, na mkono wake hausimami hata akikasirika. Alikuwa anamsuka binti yetu huku ananipasulia ukweli.

"Papa Neema, ule muzee hata ku ngazi anapandaka kwa kushikwa mukono. Njo unaenda kumuwashia kile kintu chenye haina frein? Akikufa, batasema ni weye ulimuua. Siye tuko batu ba inje huku."

"Minajua, Mama Neema. Lakini nikikatala, atatafuta mwengine mwenye hajue ile injini."

Alisuka mistari miwili. "Basi uende," akasema. "Lakini ubebe ile ndoo yako."

Vijana, mtaniambia ningemwita binti yake aliyebaki Ujerumani, au ningeficha kamba, au ningeharibu plagi. Yote niliyafikiria. Nilimpenda yule mzee. Mwaka ule wa 2015 wageni walipokuwa wanafukuzwa mitaani, alifunga geti la karakana akaketi nje yake kwenye kiti cha plastiki, peke yake, anamenya machungwa, na sisi tuko ndani. Mtu wa namna hiyo akikuomba kitu unashindwa kujua kama kukataa ni kumlinda au ni kumwacha peke yake. Mpaka leo sijui, na msinisukume nijifanye najua.

Mwenye uwanja alitufungulia siku ya kazi, mchana, hakuna watu. Sipho alikuja, mkono umefungwa shingoni, akaenda kuegemea uzio wa kona ya mwisho. Uwanja ulikuwa umemwagiwa maji na kusawazishwa, laini, hauna alama hata moja. Nilikuwa nimefunga sproketi kubwa ya mnyororo nyuma ili pikipiki isipate mbio nyingi. Mzee aliiona, akanitazama, akanitukana lile tusi la pili kwa matamshi safi kabisa. Nilimvalisha kiatu cha chuma mwenyewe, kwa sababu hakuweza kuinama. Nikamsukuma. Ikakohoa, ikanguruma.

Kwenye mstari alinigeukia, kioo cha kofia kiko juu.

"Ngapi?"

Nikafumba macho. Moja ilikuwa yake. Nyingine ilikuwa upande wa nje, nzito, inakwama kwa muda mrefu kabla ya kupumua. Upepo haukuwepo, barabara ilikuwa mbali. Na kwa sheria yake mwenyewe, injini ikizidi mtu haondoki. Nilikuwa nimepewa njia ya kumzuia, tena bila uongo.

"Mbili, Mzee," nikasema, na mkono wangu ulikuwa umeshashika kamba yake.

Akaufunika mkono wangu kwa glavu yake. Hakunibana. Aliuweka tu pale mpaka vidole vyangu vikaachia vyenyewe.

"Vizuri," akasema. "Basi amekuja." Akateremsha kioo, akaenda.

Sijawahi kuogopa hivyo, si mpakani, si kwenye fujo za mtaani. Nilibeba ndoo nikakimbia nayo katikati ya uwanja bila kujua ninakimbilia wapi. Alipanda polepole kwa kipimo cha vijana, lakini alipanda vizuri, mguu chini, kiatu kinachora udongo. Alikaa ndani kabisa, karibu na mstari mweupe, mizunguko yote. Nje yake aliacha nafasi ya pikipiki nzima na zaidi. Hakuna anayepanda hivyo akiwa peke yake. Udongo mzuri uko nje, hata mtoto angeufuata. Kona baada ya kona aliuacha ule udongo, na kila alipotoka kwenye kona nilimwona anageuza kichwa kidogo kulia.

Kwenye kona ya mwisho mlio mzito ulipanda. Niliusikia macho wazi, safari hii sikuhitaji kuyafumba. Sipho pale uzioni akaruka nyuma ghafla, akajikinga uso kwa mkono wake mzima, halafu akaanza kujipangusa. Koti lake lilikuwa limejaa udongo mbichi kifuani. Mzee Dieter alikuwa mbali naye, kule ndani kabisa, mwendo wa mzee. Muulizeni Sipho, bado yupo, bado anapanda, na koti lile hajalifua.

Zilibaki hatua chache kufika kwenye mstari, na mbele yake hapakuwa na mtu. Mzee akafunga mafuta. Injini ikashuka sauti, pikipiki ikajikokota, naye akaketi wima, akaangalia kitu kinachompita upande wa kulia, akakifuata kwa macho mpaka ng'ambo ya mstari. Ndipo na yeye akavuka.

Alikuja kwangu akisukumwa na mwendo uliobaki. Nilimzuia kwa kifua changu, maana pikipiki ile, nimeshawaambia, haisimami yenyewe. Nikachomoa kamba. Uwanja mzima ukawa kimya, nikasikia njiwa juu ya paa la jukwaa. Nilimvua kofia. Alikuwa ametota jasho, na aliushika mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Umeona nani amefika kwanza?" aliniuliza.

"Nimeona," nikamwambia. "Siyo wewe, Mzee."

Alikubali kwa kichwa, mara nyingi, kisha akaulaza uso wake begani kwangu na kulia, na mimi nikamshikilia hapo juu ya pikipiki mpaka injini ilipopoa.